Kidole kimegongwa na mpira, usisubiri

Kaka kama mpira wa basketi umekugonga kwenye ncha ya kidole na sasa imeinama tu hainyooki yenyewe, achana na habari ya kusubiri uvimbe ushuke, nenda kapige eksirei leo leo. Mara nyingi hiyo ni kano, ule mshipa mgumu unaonyoosha ncha ya kidole, imekatika, ukiwahi unafungwa gango tu, yaani kifaa kigumu cha kushikilia kidole kimenyooka, wiki 6 hadi 8, ila ncha ibaki imenyooka muda wote, hata ukioga, ikikunjika mara moja tu unaanza kuhesabu upya. Una pete? Vua sasa hivi kabla hakijajaa. Barafu weka ndani ya kitambaa, dakika 15 hivi. Na mtu asikuvute eti anakirudisha, mimi walinivuta uwanjani nikazubaa wiki 3, mpaka leo kimepinda.