Maswali yenu: je, elektroni ni uzi?

Mwalimu anasema elektroni haina ukubwa. Inawezekanaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Anachomaanisha ni kwamba hakuna aliyewahi kukuta kitu ndani yake. Protoni, chembe ya kiini cha atomu, ilipopigwa kwa elektroni zenye kasi kubwa huko Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilijulikana kwamba ina vijichembe ndani, ndizo kwaki. Elektroni yenyewe imegoma kufunguka, kwa hiyo kwenye hesabu tunaichukua kama nukta. Wanafizikia wa nadharia ya nyuzi wanabisha: ukiichungulia kwa karibu zaidi, wanasema, utakuta uzi unaotetema. Ukitetema hivi ni elektroni, ukitetema vile ni kwaki, kama waya mmoja wa gitaa unavyotoa sauti mbalimbali.

Na huo uzi umetengenezwa kwa nini?

Kwa mujibu wa nadharia, haukutengenezwa kwa kitu kingine chochote. Najua jibu halishibishi.

Nani alilileta wazo hili?

Hapa pana kisa kitamu. Mwaka 1968 Gabriele Veneziano, Mwitaliano kijana, alikuwa akitafuta hesabu ya kueleza nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Akaiona kwenye fomula ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18. Fomula ilikubali, ila haikueleweka kwa nini. Miaka miwili baadaye wanafizikia Nambu, Nielsen na Susskind, kila mmoja kivyake, wakang'amua kwamba inaelezea nyuzi, si nukta.

Lakini nadharia ilikuwa na kasoro: ilizaa chembe isiyo na masi, yenye spini 2 (spini ni kipimo cha mzunguko wa asili wa chembe), ambayo haimo kabisa kwenye kiini cha atomu. Wengi wakaitupa. Mwaka 1974 wanafizikia Scherk na Schwarz wakasema chembe hiyo ndiyo hasa inayotarajiwa kubeba nguvu ya uvutano. Kasoro ikageuka kuwa sifa kuu, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutoidharau nadharia hii.

Nasikia nadharia hii inadai vipimo 10 vya anga na muda. Vya nini, wakati sisi tunaona vitatu na muda?

Bila hivyo hesabu zake zinagongana zenyewe. Toleo la kwanza lilidai 26! Kati ya vile 10, sita vya ziada vinasemekana vimejikunja, vidogo mno kuonekana.

Imethibitishwa? (Msomaji, Mombasa)

Bado. Kwa makadirio ya kawaida, uzi una urefu unaokaribia mita 10⁻³⁵. Kuufikia moja kwa moja kungehitaji nishati takriban mara milioni bilioni ya ile ya mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, maabara ya Ulaya, wenye mzunguko wa kilomita 27. Chembe pacha za chembe tunazozijua, ambazo wengi walitumaini mtambo huo ungezionyesha hazijatokea. Anayekuambia nadharia imeshinda anakudanganya.

Ushindi wake mkubwa uko kwenye karatasi: mwaka 1996 Strominger na Vafa walihesabu entropia ya shimo jeusi (yaani kipimo cha idadi ya mipangilio inayowezekana ndani yake) kwa kutumia nyuzi, wakapata jibu lilelile walilolipata awali wanafizikia Bekenstein na Hawking kwa njia nyingine. Ila shimo lao lilikuwa la vipimo vitano, na haliko popote angani.