Maswali ya mafundi wa ngozi: sindano, uzi na mkono

Nina mashini nyeusi ya kushonea nguo. Naweza kushonea ngozi? (Fundi, Birere, Goma)

Ngozi laini ya pochi, ndiyo, mradi tabaka zote pamoja zisipite milimita 3. Weka sindano ya ngozi namba 18 (110), uzi wa nailoni namba 69, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Uzi wa namba 138, ulio mnene zaidi, usiulazimishe humo. Tandiko la farasi usilijaribu kabisa.

Mashini yangu ni ile ambayo mguu, yaani chuma kinachokandamiza ngozi, unatembea pamoja na sindano. Penye tabaka 3 inaruka mishono, na mafundo yanajitokeza juu. Nirekebishe nini? (Katindo)

Zungusha gurudumu polepole, ukitazama ngozi sindano inapoanza kupanda. Ngozi ikiinuka nayo hata kidogo, kitanzi cha uzi hakifunguki, ndoano ya chini inayodaka kitanzi hicho inapita patupu, na mshono umeruka. Kaza kwanza visi ya kukandamiza mguu. Bado inaruka? Sindano ni nyembamba: uzi wa 138 unataka namba 22 au 23. Mafundo nayo mara nyingi yana dawa hiyohiyo, kwa sababu fundo hujificha katikati ya ngozi pale tu tundu linapolitosha. Tafadhali, ndugu, usiguse visi ya bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) kabla ya kubadili sindano. Wengi huanzia huko na kuharibu mashini iliyokuwa sawa. Acha milimita 3.5 hadi 4 kati ya mishono. Ukibana zaidi, matundu yanageuka mstari wa kuchania.

Mkanda wa tumboni unaoshika tandiko niushone kwa mashini? (Himbi)

Hapana. Mashini hutumia nyuzi 2 zinazoshikana ndani ya ngozi. Mmoja ukilika kwa msuguano, mishono ya jirani inalegea mmoja baada ya mwingine. Kwa mkono, uzi ni mmoja wenye sindano butu 2, kila moja ikipita tundu lilelile kutoka upande wake. Upande mmoja ukikatika, wa pili unashika. Toboa kwa msharasi, paka uzi nta ya nyuki, vuta pande zote kwa nguvu sawa. Uhai wa mpandaji uko kwenye mkanda huo.

Motere inakimbia mno nikikanyaga. (Majengo)

Funga kwenye motere puli (gurudumu la mkanda) ndogo, milimita 50 hivi, na mkanda wa motere mfupi zaidi. Ukipata motere ya servo, ile inayozunguka tu unapokanyaga, ni bora: huenda polepole, na haili umeme mwingi usipokanyaga.