Gesi trilioni 57, presha inashukaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa Kilwa Masoko. Redioni naambiwa nchi ina gesi futi za ujazo trilioni 57. Shemeji yangu aliyepata kibarua Songo Songo anasema presha ya visima inashuka, hadi wamefunga kompresa, mashine ya kusukuma gesi. Nani muongo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna muongo, ila hamzungumzii gesi moja.

Katika hizo 57, kama 47 ziko bahari kuu, mbali na ngalawa yako. Tangu 2010 meli zilikuja, zikatoboa, zikapima, zikaondoka. Gesi ile haijauzwa hata futi moja. Inasubiri kiwanda cha kuigeuza kimiminika pale Likong'o, Lindi, na kiwanda kinasubiri saini ya mkataba. Usishangae. Songo Songo yenyewe iligunduliwa 1974, gesi ikafika Dar 2004. Miaka 30 imelala chini ya kisiwa, haina bomba wala mnunuzi!

Sasa gesi ya shemeji, iliyomo katika zile 10 zilizobaki. Mimi nilikuwa fundi wa geji, vile vipimo vya presha, hukohuko kisiwani. Kila asubuhi, kabla ya chai, nazunguka visimani nasoma sindano, naandika daftarini. Leo na jana huoni tofauti. Ukifunua daftari la miaka mitatu nyuma ndipo unashtuka.

Fikiria tairi la baiskeli. Ukibonyeza valvu, hewa ya kwanza inatoka kwa kishindo. Ya mwisho inapumua tu, na bado tairi lina hewa. Kisima nacho ni hivyo. Gesi yetu ilikuwa inajisukuma yenyewe: kilomita 25 chini ya bahari, kisha 207 nchi kavu hadi Dar. Presha ya kisima ikikaribia ya bomba, gesi inazubaa, ingawa chini bado imo. Kompresa inaivuta na kuisukuma. Haiongezi gesi mwambani hata chembe. Inakufikishia ile ambayo ingebaki. Kuongeza akiba ni kutafuta gesi mpya, na kuitafuta ni kuchimba, na huko unaweza kutumia mamilioni ya dola ukatoka na maji ya chumvi.

Mwambie shemeji, akitaka hali halisi, asome geji ya kichwani mwa kisima. Ile ambayo gesi inaifikia baada ya kupita kompresa itamfurahisha bure.