Muulize Babu wa Ngoma: Bagika na Bagalu, alama anatoa nani?

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Usukumani. Juni mume wangu alinipeleka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kutazama ngoma za Bulabo, sherehe yao ya kila mwaka. Vikundi viwili vikapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, mpaka masikio yakaziba. Mara baba mkwe akaanza kushangilia, eti tumeshinda! Jaji sikumwona. Nikimuuliza, anajibu tu, "Sisi Bagika." Mshindi anapatikanaje?
Mkazamwana, Igoma

JIBU: Marahaba, mkwe wetu. Alama ulitoa wewe, kwa miguu yako. Ulianza kusimama upande gani, ukamalizia upande gani? Hilo ndilo linalohesabiwa. Vikundi hukabilishwa makusudi, na umati ukihamia kwa mwenzako umeshindwa, hata kama uliimba vizuri kuliko yeye.

Asili yake ni mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wachezaji na waganga. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Kila upande ulikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na habari za dawa bado utazisikia kila msimu wa mavuno unapokwisha. Mimi niliyepiga ngoma ujanani siidharau dawa, lakini nilichoona kikihamisha watu ni kitu kipya. Ndiyo maana wengine huja na chatu shingoni, wengine na nungunungu, na zamani walichezesha hata sanamu za mbao zenye mikono inayokunjuka. Kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, jembe hurushwa juu, likazunguka, likadakwa mpini bila mchezaji kupoteza hatua. Akilikosa, utasikia mguno, halafu utaona migongo. Na jembe lile si pambo: ngoma hiyo ilitoka shambani, kwenye vikundi vya kulimiana, mdundo ukiwapa wakulima mwendo.

Bulabo unayoiona leo imefungamana na sikukuu ya Ekaristi. Padre David Clement, Mkanada aliyeijenga Bujora kuanzia miaka ya 1950, hakuzipiga marufuku ngoma kama wengine walivyofanya. Alizikaribisha. Kwa maoni yangu hapo alituokolea mengi. Siku isiyo na kelele panda daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda, ukatazame jengo la ngoma pale makumbusho. Pande zote mbili zimo. Jengo la ngoma za watemi nalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, usilipite.

Baba mkwe wako usimlaumu. Kwa wengi upande hurithiwa nyumbani kama jina la ukoo, hauna maelezo marefu. Wewe hujarithi, kwa hiyo uko huru, ila chunguza kwanza mama mkwe kwao ni upande gani. Nimeshuhudia wake wakivuka uwanja mchana kweupe, waume zao wakiwatazama, na hakuna aliyerudishwa kwao.