Maswali na majibu: miguu ya mbao, mchanga wa Msimbati na salfa ya mikorosho

Mwezi uliopita niligusia tu kwamba tupo wachache hapa Mtwara tulioanza duathloni ya njia za mashambani: unakimbia, unapanda baiskeli, unakimbia tena. Sikutegemea maswali. Yamekuja mengi, mengine ya kunicheka. Nimechagua haya.

Nakaa Shangani, bahari naiona dirishani, ila kuogelea sijui. Huo mchezo wenu una kuogelea?

Hauna. Wenye kuogelea ni triathloni. Huu wetu ni mbio, baiskeli, mbio, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Duathloni fupi ya barabarani kwa vipimo vya kimataifa ni kilomita 5 za mbio, 20 za baiskeli na 2.5 za mbio tena. Inayoifuata ni 10, 40 na 5. Za njia za vumbi hupangwa kulingana na mahali, maana kilomita moja ya mchanga huwezi kuilinganisha na kilomita moja ya udongo mgumu. Kule Zofingen, Uswisi, kuna mashindano yaliyoanza 1989 ambayo watu wanakimbia kilomita 10, wanapanda baiskeli 150, halafu wanamalizia kwa miguu 30. Hao tuwaache na mambo yao. Wewe anza na 2, 8 na 1.

Kuogelea nako ujifunze, lakini hiyo ni kesi nyingine. Mtu wa Shangani hajui kuogelea!

Shikamoo mjomba. Nina baiskeli ya Phoenix aliyoniachia marehemu babu, ina keria na kengele. Inafaa, au mpaka ninunue ya gia? Niko Mikindani.

Marahaba mjomba. Keria ing'oe, kengele iache, utaihitaji kwa mbuzi. Kwa kujifunzia kwenye tambarare, Phoenix inatosha kabisa. Uzito wake hautakuua. Kinachonitia wasiwasi ni zile breki za fito: rimu ikilowa hazishiki, unabaki kuomba dua. Kwa hiyo usije ukashuka nayo ukingo wa Newala, hata kama babu alikuwa anashuka nayo.

Ukijaliwa kupata ya gia ya mtumba, usidanganyike na rangi. Inua gurudumu, lizungushe, tazama kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, beringi za kati zimekwisha. Kisha shika cheni pale inapozunguka gia kubwa ya mbele, ivute kuelekea mbele. Ikiachana na meno hadi ukaona upenyo, imechakaa, na mara nyingi huwa imeshakula na meno yenyewe. Hapo punguziwa bei au ondoka.

Siti: kaa, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti likinyooka, hapo hapo kaza. Wengi wetu tunaishusha siti ili miguu ifike chini, halafu tunalalamika magoti.

Na kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu, nunua helmeti kabla ya hiyo baiskeli mpya. Kwenye mashindano, mkanda wake unafungwa kabla hujaigusa baiskeli, na haufunguliwi mpaka umeirudisha mahali pake. Zoea hivyo hivyo mazoezini.

Mbio nakimbia vizuri, baiskeli naiweza. Nikiunganisha, mbio ya pili miguu inakuwa kama si yangu. Ni ugonjwa? (Lindi, Mtanda)

Si ugonjwa, ndiyo duathloni yenyewe. Anayekimbia tu na anayepanda baiskeli tu wote wanaujua mchezo wao, ila huu umekaa katikati, pale unaposhuka. Kwenye baiskeli umeinama, mapaja yanasukuma kwa mzunguko uleule kwa muda mrefu. Ghafla unayaambia yabebe mwili mzima na kupokea kishindo cha kila hatua. Yanagoma. Kwa wengi mgomo unaisha baada ya dakika chache, lakini hizo dakika ni ndefu.

Mara yangu ya kwanza niliitupa baiskeli chini ya mwembe nikatoka mbio kama mlevi, magoti hayakunjiki. Nimefika mbali, mtoto mmoja mwenye ndoo ya maji akaniuliza, "Babu, baiskeli yako imeibiwa?" Nilikuwa bado nina helmeti kichwani.

Dawa yake ni kuzoesha. Mara moja kwa wiki panda baiskeli dakika 40, shuka, kimbia dakika 10 papo hapo. Usikae, usipige soga. Kilomita ya mwisho ya baiskeli weka gia nyepesi na uzungushe miguu haraka haraka. Ukishuka, hatua fupi fupi, kama mtu anayekimbia juani peku. Usizitafute hatua ndefu, zitakuja zenyewe. Baada ya wiki sita hivi utaona tofauti. Ukiwa na siku tatu tu za mazoezi kwa wiki, hii usiiache. Acha nyingine yoyote.

Nilijaribu njia ya Msimbati, nikaanguka mara nne kwenye mchanga. Nakosea wapi?

Labda tairi zimejaa upepo kama za barabarani. Punguza kidogo, zikanyage mchanga kwa upana, ila si hadi rimu igonge mawe. Badili gia iwe nyepesi kabla hujaingia mchangani, kwa sababu ukishaingia cheni italia tu. Rudisha makalio nyuma, gurudumu la mbele lielee. Mikono ilegee na usukani usiukunje ghafla. Miguu isiache kuzunguka.

Ukikwama, shuka usukume. Kukimbia na baiskeli mkononi kunaruhusiwa hata kwenye mashindano, na mara nyingi unampita anayeng'ang'ania juu.

Mimi wa Tandahimba. Mwezi wa sita na wa saba wakipuliza salfa (ile dawa ya unga ya ukungu) kwenye mikorosho, nakohoa na macho yanawasha. Niache?

Usiache, badili saa. Sisi watu wa mazoezi tumezoea alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya mabomba ya salfa, wakati hewa imetulia na umande upo, vumbi lishike kwenye majani. Toka jioni. Ukiona wingu la njano shambani, geuza, usijifanye shujaa na kitambaa puani. Mwenye pumu azikwepe kabisa njia za mashambani siku za kupuliza.

Kaka, mimi ni dada wa hijabu. Helmeti na mtandio vinaelewana? Na majirani je?

Vinaelewana, dada yangu. Vaa mtandio mwepesi wa kubana, usio na pini wala fundo kisogoni, kisha helmeti juu, uipime dukani ukiwa umeuvaa. Suruali upande wa cheni ifunge kwa raba, na baibui refu liache nyumbani, kwenye spoku ni hatari kweli. Majirani watasema wiki mbili, ya tatu watakuomba uwafundishe binti zao. Ila barabara kubwa ya malori ya saruji na makaa ya mawe uikwepe, hilo nawaambia wote, wenye hijabu na wasio nayo.

Korosho si zetu? Nile ngapi kabla ya mbio?

Sifuri. Karibu nusu ya korosho ni mafuta, tumbo linachukua muda kuyasaga, na ukiinama kwenye usukani utayaonja tena. Saa mbili au tatu kabla, kula muhogo wa kuchemsha, ndizi, au ming'oko (mizizi ya porini) kama ni msimu wake. Korosho ziweke mfukoni, utazila ukishavua viatu.