Jibu: Wachunguzi wawili, hesabu mbili

Salaam mkuu. Nimekusoma: mwenzako kahesabu magomvi 14 ya watoto wakati wa mapumziko ya shule, wewe 5, na mlikaa benchi moja, uwanja uleule hapo Ngamiani.

Anza na fomu mnayojazia mnachokiona. Kama imeandikwa "ugomvi" tu, kila mtu anajaza anavyojua yeye. Andika kinachoonekana kwa macho: kusukuma, kupiga ngumi, kunyang'anya mpira. Halafu amueni tukio linaisha lini. Kundi letu wengine walihesabu kila kofi, wengine purukushani nzima kama moja. Tukakubaliana wakiachana sekunde 10, ikianza tena ni tukio jipya.

Kinachosumbua zaidi ni masihara. Watoto wanakabana mieleka huku wanacheka, aliyekuwa chini anapanda juu, wakimaliza wanaongozana kununua ubuyu. Huo mchezo. Kwenye ugomvi wa kweli uso umekunjwa na aghalabu mmoja anaondoka zake. Hilo lazima liwe kwenye fomu, na nahisi ndiko zilikotoka zile 9 za ziada, ingawa fomu yenu sijaiona.

Pia msitazame uwanja mzima. Mtoto mmoja, dakika 5, kisha anayefuata kwenye orodha mliyoipanga kwa kura, la sivyo macho yanakimbilia wenye kelele.

Mkija kupima mnakubaliana kiasi gani, asilimia ya makubaliano inadanganya, maana dakika nyingi hakuna ugomvi wowote. Tumia kappa ya Cohen (1960), kipimo cha makubaliano ya wachunguzi wawili, inaondoa yale ya kubahatisha. Ila msiipime kwa data mliyokwisha kuibishania. Rudieni siku nyingine, kila mtu na karatasi yake, bila kuchunguliana.