Mdogo wangu kaacha vidonge vya kunenepa, sasa anaanguka

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kike alitumia vidonge vya kunenepa miezi kama mitano, vile vinauzwa kwenye vifuko bila hata jina, akajaa mashavu kweli. Mama akamgombeza akaacha siku hiyohiyo. Sasa hana nguvu, chakula hakipandi, akisimama kizunguzungu, juzi kaanguka bafuni. Malaria hana, mimba hana. Shida nini?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Kama leo anatapika au anaanguka acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi, mengine utayasoma mkiwa foleni.

Vidonge hivyo mara nyingi vina deksamethasoni, ni steroidi hiyo, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli. Sasa juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali, ndo inatengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kumfanya mtu astahimili homa au ajali. Anayeiamrisha ni tezi ya pituitari chini ya ubongo, kwa homoni ya ACTH. Ukimeza steroidi kila siku pituitari inaona kotisoli ipo tele inanyamaza, adrenali zinasinyaa kwa kukosa kazi, halafu unaacha ghafla, dawa haipo na tezi bado zimelala. Kuamka kwake kunaweza kuchukua miezi.

Mtu atakwambia muangalie fizi na mikunjo ya viganja kama imekuwa myeusi. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa Addison, tezi zenyewe zimeharibika, ACTH inapanda na ndo inaleta weusi, na TB ni moja ya sababu, hapo hata aldosteroni, homoni ya kutunza chumvi mwilini, inapungua mtu anatamani chumvi tu. Kwa mdogo wako ACTH iko chini kwahiyo weusi huo hautouona, na kutouona kusiwatulize.

Mkifika semeni ukweli wote, bebeni na kifuko. Jamani msimsimange mbele ya watu, akiona aibu ataficha na daktari atatibu kitu kingine. Kuna kipimo cha kotisoli cha asubuhi, pamoja na sukari na chumvi za damu, ila akiwa hoi hasubiri majibu, anachomwa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, na dripu kwanza. Baadae atapewa vidonge vya kupunguzwa taratibu na daktari, akipata homa dozi inapandishwa.

Na kama hapo nyumbani kuna anayepaka krimu kali za kung'arisha mwili, nyingi zina klobetasoli, nayo ni steroidi inapita kwenye ngozi, naye aende akapimwe kabla hajaacha.